AM ya usiku na dijitali: jinsi ya kupima mwenyewe ukiwa Nairobi

Ukiuliza kama urushaji wa dijitali utaifufua AM ya usiku, yaani redio ya masafa ya kati, umeuliza swali pana mno. Libane kwanza: kituo kipi, kilomita ngapi kutoka kwako, saa ngapi, na nyumba yako ina kelele kiasi gani? Likishabanwa hivyo, jibu lake linapimika kwa jioni chache tu, hata kama hakuna mtambo wowote karibu nawe unaorusha dijitali kwenye masafa ya kati.

Tuseme mapema tunakosimama. Dijitali inaweza kuwarudisha wasikilizaji wa usiku kwa kituo chenye nguvu kilicho kilomita 100 hadi mia kadhaa, pale ambapo AM ya kawaida hukoroma na kupasuka sauti giza likiingia. Haiwezi kukuletea kituo dhaifu cha mbali ulichokuwa ukikisikiliza kwa kubahatisha maneno. AM dhaifu bado unaweza kuisikia katikati ya mikwaruzo. Dijitali dhaifu haisikiki kabisa. Na kwa mtu wa Nairobi, kabla ya kufikiria mitambo, adui wa kwanza ni stima ya nyumbani kwake.

Giza likiingia

Mchana, tabaka la chini la ayonosfia (ile hewa ya juu iliyochajiwa na jua), linaloitwa D, kati ya kilomita 60 na 90 juu, humeza mawimbi ya masafa ya kati. Unachopata ni wimbi la ardhini peke yake. Jua likizama, ambalo kwa Nairobi ni kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni mwaka mzima, tabaka hilo hufifia na mawimbi hupanda hadi kwenye matabaka ya juu, E na F, na kurudi chini. Kuanzia hapo redio yako hupokea kituo kilekile kwa njia mbili au tatu kwa wakati mmoja.

Chukua msikilizaji wa Nyeri anayepokea mtambo ulio Nairobi, umbali wa karibu kilomita 100. Wimbi la ardhini husafiri kilomita 100. Lile linalogonga tabaka la E, kilomita 100 juu, husafiri karibu 224, hivyo huchelewa kwa milisekunde 0.4. Lile la tabaka la F, tuseme kilomita 300 juu, huchelewa kwa milisekunde 1.7. Likidunda mara mbili kati ya F na ardhi, linachelewa karibu 3.7. Mawimbi haya yakikutana hujenga na kubomoana, na ubomoaji hauko sawa kwenye chaneli nzima. Kwa ucheleweshaji wa milisekunde 0.4, mashimo hutokea kila baada ya kilohezi 2.4 hivi, kwa hiyo ndani ya chaneli ya kilohezi 9 kuna matatu au manne, nayo hayatulii, yanatembea.

Shimo likipita juu ya wimbi mbebaji, lile la katikati linalobeba sauti, redio ya kawaida hukosa kipimo chake cha kusomea sauti, na ndipo mtangazaji husikika kama amefunikwa ndoo. Ishara yenyewe ipo, tena pengine ni kubwa. Aina hii ya uharibifu ndiyo dijitali inayoiweza hasa. Mfumo wa DRM (Digital Radio Mondiale), uliotengenezwa kwa ajili ya masafa marefu, ya kati na mafupi, hugawa data kwenye vibebaji vidogo karibu 200 ndani ya chaneli moja na kuitawanya kwa muda pia. Shimo likiua vibebaji ishirini, msimbo wa kurekebisha makosa hujaza pengo. Kati ya alama moja, yaani kipande kimoja cha data kinachorushwa, na nyingine huachwa nafasi ya kusubiri mawimbi yaliyochelewa. DRM ina hali kadhaa za kurusha: katika hali A nafasi hiyo ni milisekunde 2.66, katika hali B ni 5.33. Rudi kwenye hesabu ya Nyeri: hali A inatosha kwa dundo moja, lakini lile dundo la pili la 3.7 linapita nje yake. Ndiyo maana kituo kinachotaka wasikilizaji wa usiku kirushe hali B, hata kama mchana A ingekipa nafasi ya data zaidi.

Marekani walichukua njia nyingine. HD Radio, mfumo wao wa dijitali, upande wa AM hubakiza sauti ya kawaida katikati na kupachika dijitali pembeni, hadi kilohezi 15 kila upande. Mchana inavumilika. Mwaka 2007 ruhusa ilipotolewa ya kuirusha usiku pia, zile pembe zilianza kuangukia vituo vya jirani vilivyo mamia ya kilomita mbali, kwa sababu usiku kila mtu ni jirani. Vituo vingi viliizima. Mwaka 2020 mamlaka yao ya mawasiliano iliruhusu AM iwe dijitali tupu, bila sauti ya zamani katikati, na hapo tatizo la pembe hupungua sana. Tofautisha mifumo hii unaponunua kifaa: redio ya HD haifungui DRM, na ya DAB+, mfumo mwingine wa redio ya dijitali, iko kwenye masafa ya juu kabisa yasiyorudishwa na ayonosfia. King'amuzi kilichonunuliwa wakati runinga ilipohamia dijitali mwaka 2015 hakihusiki hapa hata kidogo.

Anza na kelele

Tafuta redio ndogo ya betri yenye AM. Saa mbili usiku ifungulie mahali pasipo na kituo, kwanza upande wa chini karibu na kilohezi 600, kisha upande wa juu karibu na 1400. Sikiliza sakafu ya kelele. Sasa zima swichi kuu ya nyumba. Wanaojua AM mjini wanajua kwamba stima ikipotea mtaa mzima, bendi hufunguka kama zamani. Hapa unaiga hali hiyo kwa nyumba moja. Kelele ikishuka sana, mkosaji yuko ndani kwako. Isiposhuka, iko kwa jirani au kwenye nyaya za barabarani.

Washa swichi moja moja. Kisha tembea na redio. Fito ya feraiti, kile kijiti cheusi cha antena kilicho ndani yake, husikia vibaya kupitia ncha zake, kwa hiyo izungushe hadi kelele izame, na ncha itakuwa imeelekea chanzo. Watuhumiwa wa kawaida ni adapta za ruta na king'amuzi, chaja za simu za bei ya chini, balbu za LED zisizo na kichujio, na inveta za sola. Adapta mbovu hujitambulisha: mivumo hurudia kila baada ya makumi kadhaa ya kilohezi ukipita kwenye bendi, na inahamahama adapta inapopata joto. Mlio wa tik, tik, tik, kama mmoja kwa sekunde, ni fensi ya umeme. Karibu kila mtaa wenye lango una moja, na ikilia kwa nguvu ujue kuna tawi limegusa waya au kihami kimepasuka, na cheche inaruka. Mwenye fensi ana sababu yake mwenyewe ya kuirekebisha, kwa hiyo ombi lako halitakataliwa. Mngurumo mzito unaozidi wakati wa kiangazi na kupungua mvua ikinyesha mara nyingi ni cheche kwenye vyuma vilivyolegea juu ya nguzo ya stima. Ripoti namba ya nguzo, na usiiguse.

Kwa adapta, dawa ya kwanza ni kuibadilisha. Ya pili ni pete ya feraiti, na hapa watu wengi hukosea kwa kubana kipande kimoja kwenye kebo na kungoja muujiza. Kwenye masafa ya kati, waya kupita mara moja haufanyi kitu cha maana. Chukua pete kubwa ya feraiti ya aina inayoitwa mchanganyiko 31 au 75, izungushie kebo mara nane. Kizuizi hukua kwa kipeo cha pili cha mizunguko, hivyo nane hukupa karibu mara 64 ya mmoja. Weka pete karibu na kifaa chenye kelele, si karibu na redio.

Anayeishi ghorofani ana shida ya ziada: chuma ndani ya zege hula wimbi na kubakiza kelele. Dirishani ni afadhali kuliko sebuleni, na juu kabisa, kwenye kamba za nguo, ni afadhali kuliko dirishani. Mwombe msimamizi wa jengo ufunguo mapema, na ukae mbali na pampu ya matangi na mota ya lifti.

Kitanzi cha sentimita 60

Waya mrefu uliotupwa nje hukusanya kelele ya mtaa mzima. Kitanzi kinachozungushwa, yaani antena ya waya uliofungwa kwenye fremu, ni bora, kwa kuwa unaweza kukielekeza mahali kelele inapozama.

Fungamanisha mbao mbili za sentimita 85 kwa umbo la msalaba. Ncha zake zitakupa mraba wa sentimita 60 kila upande. Kata vijino kwenye ncha kwa nafasi ya milimita 6, kisha zungusha waya mwembamba wenye plastiki mara 13. Mizunguko yenyewe inakula mita 31, nunua 35. Hapo unapata takriban maikrohenri 220. Ungia kapasita ya kuzungusha ya pikofaradi 365, ile ya mabamba ya hewa inayotoka kwenye redio za zamani za mbao. Mafundi wa redio wa Luthuli na River Road ndio wa kuulizwa, maana kapasita hii ni kitu cha kuchomolewa kwenye redio iliyokufa. Tumia sehemu moja tu kati ya mbili zilizomo. Kwa vipimo hivi kitanzi kinafika chini hadi karibu na kilohezi 531, mwanzo wa bendi kwa upande wetu wa dunia, ambako vituo hupangwa kila kilohezi 9 hadi 1602.

Huenda upande wa juu kikakomea karibu na 1500, kwa sababu waya wenyewe una kapasita yake iliyojificha. Weka swichi inayoruka mizunguko mitatu na utafika. Fundi akikupa ile kapasita ndogo ya plastiki ya redio za mkononi, ambayo pande zake mbili zikiunganishwa ni karibu pikofaradi 200, utahitaji mizunguko 18 ili ufike 531, lakini sehemu ya juu ya bendi utaikosa. Ikubali kwa vituo vya chini tu, au tafuta kubwa.

Kwa redio ya mkononi huhitaji kuunganisha chochote: iweke ndani ya mraba, fito yake ikielekea upande uleule unaotazamwa na uso wa kitanzi, uzungushe kapasita hadi sauti iruke. Kwa kipokezi cha kompyuta, ongeza mzunguko mmoja wa pekee, sentimita 2 kutoka kwenye mizunguko mikuu, uutoe kwa kebo ya koaksia. Tahadhari moja ambayo hupuuzwa: kitanzi kikali mno hupitisha kilohezi 6 tu karibu na 600, wakati chaneli ni 9. Ukikiona kinakata pembe, funga rezista ya kiloomu 22 sambamba na kapasita. Ukali utapungua, na kipimo kitakachofuata hapa chini kitakuwa cha kweli.

Kipokezi

SDR ni kipokezi kinachochomekwa kwenye kompyuta na kuendeshwa kwa programu, na RTL-SDR V3 ndiyo ya bei nafuu inayofaa kuanzia. Kwa masafa ya kati huwekwa kwenye usampuli wa moja kwa moja, tawi la Q, kwenye programu kama SDR++. Usipobadilisha hapo utaona skrini tupu na kudhani kifaa ni kibovu. V4 haihitaji hatua hiyo ila inahitaji kiendeshi chake kipya. Udhaifu wa zote mbili ni kusoma ishara kwa biti 8 tu: kituo kimoja cha karibu chenye nguvu kinaweza kuzijaza hadi kituo hicho kionekane mahali pengi kwenye bendi ambapo hakipo. Kitanzi kilichotuniwa husaidia kwa sababu hubana vingine vyote. Mwenye uwezo zaidi achukue Airspy HF+ Discovery na asahau shida hiyo.

Laptopu iende kwa betri. Chaja yake mara nyingi ndiyo kelele kubwa kuliko zote chumbani.

Kipimo kisichohitaji mtambo wa dijitali

Huna haja ya kungoja mtu ajenge kitu. Kituo chochote cha AM kinachosikika usiku kinaweza kukuambia kama kingefaa kidijitali kwako.

Kwenye programu weka sampuli milioni 2.4 kwa sekunde na FFT, ile hesabu inayogawa bendi kuwa vijisehemu, ya 65536. Kila kijisehemu cha skrini sasa ni hezi 37 hivi, na dirisha la hesabu hukipanua hadi karibu 74. Chaneli nzima ya hezi 9000 ina kelele mara 122 ya hiyo, yaani desibeli 21 zaidi ya inavyoonekana. Soma kilele cha mbebaji, ule mlingoti mwembamba katikati ya kituo. Soma sakafu ya kelele kwenye chaneli tupu iliyo karibu. Toa sakafu kwenye kilele, kisha toa 21.

Toa tena 4. Sababu yake ni hii: mtambo wa AM wa kilowati 50 hufika kilele cha 200 sauti ikiwa imejaa. Dijitali ina vilele vya desibeli 10 juu ya wastani wake, kwa hiyo mtambo uleule utarusha wastani wa kilowati 20 tu ili usipasuke. Kutoka 50 hadi 20 ni desibeli 4.

Mfano: mbebaji yuko −38, sakafu −92. Tofauti ni 54, ukitoa 25 (zile 21 na 4) unabaki na desibeli 29. Hicho ndicho kiwango ambacho DRM ingekuwa nacho juu ya kelele. Kwenye wimbi la ardhini lililotulia, 64-QAM, namna ya kupakia data yenye sauti nzuri zaidi, hutaka karibu 15. Kwa mawimbi ya usiku yanayoyumba weka lengo la 24. Kwa 16-QAM, inayobeba data kidogo lakini ni sugu zaidi, lengo la 15 usiku linafaa. Kwa hiyo 29 inapita kwa zote mbili.

Ila usisome mara moja ukaondoka. Angalia kwa dakika kumi mfululizo na uandike kiwango ambacho mbebaji yuko juu yake kwa dakika tisa kati ya hizo. Usichukue shimo la chini kabisa, kwa sababu mbebaji ni nukta moja tu ya masafa na mashimo humpiga vikali kuliko yanavyoipiga chaneli nzima. Mbebaji wa mfano wetu akishuka hadi −55 kwa kiwango hicho, hesabu inakuwa 12, na hapo hata 16-QAM itakuwa inakatika-katika.

Rudia saa 12 jioni, saa 1, saa 3 na saa 10 alfajiri. Saa zina maana kwa sababu njia hufunguka pande zote mbili zikiwa gizani. India na mashariki ya Uarabuni hutangulia kuingia usiku, kwa hiyo upande huo hufunguka mara tu jua linapozama Nairobi, na huanza kufa alfajiri, huko kukikucha kabla yetu. Afrika Magharibi haisikiki vizuri hadi saa 3 hivi, giza likiwafikia na wao. Njia za mashariki na magharibi karibu na ikweta ya sumaku, inayopita kaskazini mwetu Ethiopia, hupoteza nguvu zaidi kuliko zile za kusini na kaskazini, hivyo usishangae kituo cha kusini kama cha Eswatini kwenye 1170 kikishinda kilicho karibu zaidi upande wa magharibi.

Halafu kuna radi. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na ngurumo za usiku za Ziwa Victoria, hupiga bendi yote kwa mipasuko. Mpasuko mmoja mfupi DRM huumeza, kwa sababu data imetawanywa kwa muda: kama sekunde 0.4 kwa mtawanyo mfupi na karibu sekunde 2 kwa mrefu. Mvua ya radi inayopiga bila kupumua huuzidi msimbo. Pima usiku mmoja Julai na mwingine Aprili kabla ya kutoa hukumu.

Kitu cha mwisho cha kuandika ni kama unasikia lugha nyingine chini ya kituo. Wageni hao wa chaneli moja ndio kikomo cha kweli cha AM ya usiku, na dijitali haiwafukuzi, inawahesabu kama kelele. Mbebaji wa mgeni akiwa peke yake ataua vibebaji vichache tu, si hoja. Tatizo ni sauti yake ikijaza chaneli nzima kwa nguvu inayokaribia ya kituo chako. Zungusha kitanzi ili kimzamishe mgeni. Ikiwa wote wako upande mmoja, kituo hicho kifute kwenye orodha.

Kuisikia DRM yenyewe

Njia rahisi ni kuazima kipokezi cha mtu mwingine. Kwenye mtandao wa KiwiSDR kuna vipokezi vya umma vinavyofunguka kwenye kivinjari, na ndani yake mna kiendelezi cha DRM. Chagua kilicho India au karibu nayo. India ilijenga mitambo zaidi ya 30 ya DRM kwenye masafa ya kati, mingi ikirusha AM na dijitali kwa pamoja, ikikaa chaneli zinazofuatana. Huko huingia giza kwenye saa 10 alasiri yetu, kwa hiyo unaweza kulinganisha AM na dijitali ya kituo kimoja, usiku mmoja, kabla hujapika chakula cha jioni. Usifungue Kiwi ya Ulaya kwa ajili ya masafa ya kati: Ujerumani na Ufaransa zilizima mitambo yao mikubwa mwishoni mwa 2015.

Kwa kifaa chako mwenyewe utahitaji programu ya Dream, inayofungua DRM, na kebo ya sauti ya kuigiza (ni programu, si waya) inayounganisha SDR na Dream ndani ya kompyuta. Weka SDR kwenye hali ya USB (upande wa juu wa mbebaji, si USB ya kuchomeka), upana wa kilohezi 10, na uitunie kilohezi 5 chini ya kituo: kwa chaneli ya 909 andika 904. Zima kipunguza kelele na vichujio vyote vya sauti. AGC, kidhibiti cha nguvu ya ishara kinachojiendesha, izimwe au iwe ya polepole, kwa sababu ile ya haraka hutikisa ishara. Kila mahali, kwenye SDR, kebo na Dream, kuwe na sampuli 48000 kwa sekunde. Pakitofautiana sauti itakatika kila baada ya sekunde chache hata ishara ikiwa nzuri, na utapoteza jioni nzima ukilaumu ayonosfia.

Taa za Dream huwaka kwa ngazi, na mahali zinapokwama ndipo ugonjwa ulipo. Mwangaza wa kwanza ukiwa mwekundu, sauti haiingii kabisa kutoka kwenye kebo. Ukiona umbo la dijitali kwenye skrini, lile tuta bapa lenye kingo wima, lakini ulandanishi wa muda haushiki, huenda spektra imegeuzwa, basi weka alama kwenye kisanduku cha kuigeuza. FAC, data ya msingi ya kufungulia ishara, ikiwa kijani jina la kituo litafuata. SDC (maelezo ya kituo) ya kijani na MSC (sauti yenyewe) nyekundu maana yake ishara inatosha kujitambulisha ila haitoshi kubeba sauti: hapo soma namba ya SNR, yaani ishara iko juu ya kelele kwa desibeli ngapi, na ikiwa 12 kwa kituo cha 64-QAM hakuna marekebisho ya programu yatakayokusaidia, zungusha kitanzi. Taa zote kijani na kimya kitupu, hiyo ni maktaba ya kufungua sauti imekosekana. Vituo vipya hutumia xHE-AAC, mbinu mpya ya kubana sauti, inayohitaji maktaba ya FDK. Ile ya zamani ya FAAD haiitambui.

Usiku ambao masafa ya kati ni kimya, jizoeze kwenye masafa mafupi, ambako DRM husikika zaidi. Ratiba za huko hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo orodha ya miezi sita iliyopita itakupoteza.

Kwa walio upande wa kurusha

Mtambo wa zamani wa taa (vali za kioo) hauwezi DRM bila kazi kubwa. Ule wa transista uliojengwa miaka ya karibuni mara nyingi huhitaji moduleta tu, kifaa kinachounda ishara ya DRM, lakini mlingoti ndio huwaangusha wengi: ukiwa umetuniwa kwa ukali, pembe za chaneli hurudi nyuma kwenye mtambo. Pima mrejesho, yaani nguvu inayorudi, kilohezi 10 kila upande wa katikati kabla ya kununua chochote. Usiku anza na hali B, 16-QAM na mtawanyo mrefu. Utapata kilobiti kumi na kitu kwa sekunde, zinazotosha mazungumzo safi na muziki wa kuridhisha kwa xHE-AAC.

Usizime AM siku ya kwanza. Redio ya kawaida ikiwekwa kwenye chaneli ya dijitali hutoa shhh tupu, kama mfereji ulioachwa wazi, na simu hazipokei DRM ya masafa ya kati. Redio zenye DRM zipo, Gospell ni mmoja wa watengenezaji, ila usitegemee kuzikuta zimepangwa kwenye maduka ya Luthuli, na AM ndogo ya betri inauzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake. Njia yenye hasara ndogo ni kurusha dijitali kuanzia saa 5 usiku hadi saa 10 alfajiri kwa kibali cha majaribio cha Mamlaka ya Mawasiliano, huku vipokezi vinne au vitano vikiwa vimewekwa kwenye umbali wa kilomita 50, 100, 200 na 300, vikiandika SNR na asilimia ya fremu zilizofunguka kila dakika. Kile cha kilomita 100 ndicho cha kuangaliwa kwanza. AM huharibikia hapo, na kama dijitali nayo inakatika hapohapo kwa hali B, hakuna sababu ya kuendelea.